Kishikwambi Hakihitaji Mfagizi

Kwa muda sasa tumekuwa tukisikia malalamiko ya wananchi wa Temeke na Kinondoni, hususan walimu, kwamba vishikwambi vyao vimekuwa vizito mno. Mtu hugusa kioo akangoja, akagusa tena, na mwishowe akakiweka chini na kurudia daftari lake. Wengi wa walimu hao wanatumia vile vilivyofanya kazi katika Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022, sensa iliyotuhesabu kuwa watu 61,741,120, na ambavyo baadaye Serikali iligawa kwa walimu wa Bara na Zanzibar. Basi tunalolizungumzia hapa ni mali ya umma, na si chombo cha anasa.

Dawa inayotolewa mitaani ni moja. Fundi wa Mbagala, Tandika, Mwananyamala au Tandale hukipokea kishikwambi, hukitazama kidogo, kisha hutia ndani yake programu ya kusafisha kumbukumbu. Mwandishi wetu mmoja alifanyiwa hivyo. Alionyeshwa duara jekundu lenye asilimia. Alipoligusa likazunguka, likawa la kijani, na maandishi yakamwambia kwamba chombo chake sasa ni chepesi. Alilipa, akashukuru, akaondoka. Baada ya wiki moja betri ilikuwa haifiki jioni, na matangazo yalikuwa yakimrukia hata alipofungua kikokotoo.

Je, programu hizi zafaa kutumiwa? Kwa maoni yetu, hapana.

Android, mfumo unaoendesha vishikwambi hivi, umejengwa juu ya Linux, na kanuni yake kuhusu kumbukumbu ni kinyume cha ile tuliyoizoea kuhusu chumba au kabati. Kumbukumbu iliyo tupu haifanyi kazi yoyote. Kwa hiyo mtu anapoiacha programu moja na kwenda nyingine, mfumo hauifukuzi ile ya kwanza. Huiweka pembeni ikiwa imetulia, ili akirudi aikute tayari. Nafasi inapokuwa finyu, mfumo wenyewe huchagua ile isiyohitajika sana na kuifunga. Kazi hiyo hufanyika usiku na mchana bila ya mtumiaji kuombwa chochote.

Na tumfikirie mama lishe wa Tandika. Mteja akiondoka, yeye huacha makaa katika jiko, kwani anajua mwingine yu njiani. Akitokea bwana mmoja mwenye bidii akawa anamwaga maji jikoni kila sahani inapoondolewa, kwa hoja ya kwamba moto usiopikiwa ni uharibifu, mama huyo atawasha jiko upya mara hamsini kwa siku, na gunia la mkaa halitafika Ijumaa. Programu ya kusafisha ndiyo bwana huyo. Inazifunga zote zilizotulia. Nyingi, kama zile za kupokea ujumbe, huamka tena papo hapo kwa kuwa ndiyo kazi yake. Na kila kuamka kunakula chaji. Mfagizi mwenyewe hukaa humo humo kwenye kumbukumbu tangu asubuhi, akila nafasi aliyokuja kuiokoa.

Watengenezaji wa mfumo wameliona jambo hili. Kuanzia Android 14, iliyotolewa mwaka 2023, programu ya kawaida haina tena uwezo wa kuzifunga programu za wengine zilizo nyuma ya pazia. Inaweza kuzifunga za kwake tu. Kwenye chombo cha namna hiyo, lile duara la kijani ni mchezo wa kuigiza.

Lakini upotevu wa chaji ni hasara ndogo. Februari 2020 Google iliondoa dukani kwake programu karibu 600 kwa kosa la matangazo yanayomkatiza mtumiaji, zikiwamo za Cheetah Mobile ya China, wenye Clean Master, mmoja wa wafagizi waliopata umaarufu mkubwa duniani. Programu za namna hii aghalabu huomba ruhusa ya kusoma mafaili, kuona programu nyingine na kujitokeza juu ya kila ukurasa. Katika kishikwambi cha mwalimu mna majina ya watoto na alama zao. Katika cha mhudumu wa afya huenda mkawa na mambo mazito zaidi. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ofisa anayeruhusu programu asiyoijua mwenyewe ikae ndani ya kifaa cha ofisi ana swali la kujibu.

Hatusemi kwamba uzito wa vishikwambi ni wa kubuni. Upo, na mara nyingi chanzo chake ni ghala kujaa wala si kumbukumbu. Vitu hivi viwili huchanganywa kila siku. Ghala ndimo zinamokaa picha na video, na kwa wengi wetu limejazwa na video za WhatsApp za harusi za watu tusiowafahamu. Hizo zifutwe kwa mkono. Programu zisizotumika ziondolewe kabisa. Kuzima na kuwasha upya mara moja kwa wiki kunasaidia. Iwapo programu moja imeharibika na inang'ang'ania nafasi, iingiwe katika mipangilio ikafungwe hiyo peke yake.

Kwa ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia wanaovuka bahari kuja kununua vifaa Dar es Salaam, tunaongeza neno. Muuzaji anapotaja 64 anataja ghala. Aulizwe pia gigabaiti za kumbukumbu, kwani chombo chenye moja au mbili kitakuwa kizito hata kikiwa kipya, wala hakuna programu iwezayo kukiongezea. Kurudi dukani siku ya pili ni nauli nyingine ya boti.

Kwa maofisa wa TEHAMA wa halmashauri, ombi letu ni dogo: waraka wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ubandikwe katika kila ofisi ya walimu, ukieleza namna ya kufuta video, programu zipi zinaruhusiwa, na mwalimu ampelekee nani kishikwambi chake kikimshinda, ili asilazimike kukipeleka kibandani kikiwa na majina ya wanafunzi wake ndani.