Kabla ya Kununua Helikopta ya Rimoti, Uliza Itaangukaje

Vumbi lilitangulia kutua kabla ya chombo chenyewe. Ilikuwa wakati wa kampeni za 2022, helikopta ya mgombea ikashuka kwenye uwanja wa shule hapa Ganze, na watoto wakaikimbilia kwa wingi hadi walinzi wakalemewa. Mgombea alihutubia, akapanda, akaenda zake. Watu wazima walirudi makwao wakijadili siasa. Mpwa wangu, aliyekuwa gredi ya tano, alirudi na swali.

"Mjomba, kile kijipanga cha mkiani kina kazi gani?"

Sisi watu wa Kilifi tumezoea kutazama vinavyoruka tukiwa mbali. Kule Ngomeni, upande wa Malindi, Waitaliano walirusha roketi kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini, kuanzia 1967 hadi 1988. Setilaiti ya Uhuru ilipaa kutoka pale tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, ndipo ikapewa jina hilo. Wazee wetu walizitazama roketi kwa mbali, na chopa za wanasiasa zinapita juu ya vichwa vyetu. Ukiacha tiara na kititia cha ukuti, hakuna kinachoruka ambacho mtoto wa huku amewahi kukishika kwa mkono wake, akakiangusha, akakifungua na kukirudisha hewani. Helikopta ndogo ya betri inaweza kuwa chombo hicho, mradi anayeinunua ajue anachonunua.

Nianze na swali la mtoto, maana jibu lake ndilo linalozitenganisha helikopta dukani. Ukisimama kwenye mtumbwi ukaisukuma gati, mtumbwi unarudi nyuma. Helikopta nayo, mota inapolisukuma panga kubwa lizunguke upande mmoja, mwili unataka kuzunguka upande wa pili. Kijipanga cha mkiani kinausukuma mkia ili mwili utulie. Kikikatika, chombo kinazunguka kama pia mpaka chini. Igor Sikorsky aliijaribu VS-300 yake huko Marekani Septemba 1939, na helikopta nyingi unazoziona leo zinafuata mpango huohuo: panga kubwa juu, dogo mkiani.

Ipo njia nyingine. Unaweka rota mbili, yaani seti mbili za mapanga, kwenye mhimili mmoja, moja juu ya nyingine, kila moja ikizunguka kinyume cha mwenzake. Nguvu zinafutana na mwili unatulia wenyewe. NASA ilitumia njia hii kwa Ingenuity, helikopta ya umeme yenye uzito wa kilo 1.8 iliyoruka kwa sekunde 39 kwenye sayari ya Mars tarehe 19 Aprili 2021. Betri yake ilijazwa na kipande cha sola kilichokaa juu ya mapanga, sola kama zile zilizo juu ya mapaa yetu ya mabati. Iliruka mara 72, mpaka mapanga yake yalipovunjika ikitua Januari 2024. Kule hakuna fundi wala panga la akiba, kwa hiyo safari ikaishia hapo.

Nimeitaja Ingenuity kwa sababu helikopta ya kwanza niliyomnunulia mpwa wangu ilikuwa ya rota mbili kama hiyo. Niliipata Mombasa, katika duka la vifaa vya kuchezea, kwenye boksi zuri lenye picha ya helikopta ikiwa angani juu ya milima. Sebuleni ilitulia vizuri kabisa. Mama yangu aliitazama ikielea karibu na pazia akasema, "Huyu nyuki hana sauti mbaya." Kesho yake tukaitoa uwanjani saa sita mchana. Ilipanda kama mita tatu, kisha ikaacha kusikia rimoti. Mpwa wangu alivuta vijiti vyote, nayo ikawa inapelekwa na upepo taratibu, ikaenda ikanasa kwenye ua wa miiba wa jirani. Tuliitoa ikiwa imevunjika panga moja na mhimili umepinda. Nilirudi dukani kutafuta panga. Hawakuwa nalo, wala hawakujua nani analo. Chombo kizima kikawa taka kwa sababu ya kipande cha plastiki kisichozidi urefu wa kidole.

Makosa yalikuwa mawili, na yote yalikuwa yameandikwa kwenye boksi. La kwanza: rimoti ile ilitumia miale ya infraredi, sawa na ya televisheni. Ndani ya nyumba inatosha. Jua la mchana lina miale hiyohiyo kwa wingi, na linaimeza amri ya rimoti. Ukiona boksi limeandikwa infraredi, jua hicho ni chombo cha sebuleni. Unachotaka ni redio ya gigahezi 2.4, ambayo haijali jua. La pili: helikopta nyepesi ya rota mbili inatulia kwa sababu imeundwa isiinamie upande wowote kwa urahisi. Upepo ukiisukuma, haina nguvu ya kuinama na kurudi. Ukumbini hutulia. Ganze, ambako upepo unaingia kutoka baharini bila kuzuiwa na ghorofa hata moja, inakwenda inakopelekwa.

Hesabu chaneli pia. Chaneli tatu ni kupanda na kushuka, kwenda mbele na nyuma, na kugeuka. Ya nne inaongeza kwenda ubavu, na bila hiyo huwezi kupambana na upepo unaokupiga kutoka kando. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza huku kwetu ni helikopta ndogo ya rota moja, chaneli nne, redio ya 2.4, yenye mapanga yasiyobadili mwinamo na jairo ndani ya kuisaidia kutulia. WLtoys V911 ni ya aina hiyo, na toleo lake la baadaye, V911S, nalo ni hivyohivyo. Ni ndogo, inakaa kwenye kiganja, na kwa udogo wake ikianguka haijiumizi sana wala haimwumizi mtu.

Kijana atakuja na video kwenye simu inayoonyesha helikopta ikiruka kichwa chini, miguu juu. Hizo ni za chaneli sita, kama XK K110, ambazo mapanga yake yanabadili mwinamo yakiwa yanazunguka. Ni vyombo vizuri mno, na siku moja atavifikia. Ila vinaitikia kijiti haraka kuliko mkono wa anayejifunza unavyoweza kufikiri, na kichwa cha rota kina vipande vingi ambavyo vyote vinaweza kupinda kwa anguko moja. Anayeanza na hiyo, wiki ya pili inakuwa juu ya kabati ikingoja vipuri.

Hapo kwenye vipuri ndipo nataka tukae kidogo. Wauzaji wanaeleza helikopta inavyoruka. Mnunuzi wa Ganze anapaswa kuuliza inavyoanguka, kwa sababu itaanguka, na itaanguka leo. Kipuri kinatoka Nairobi, labda Luthuli Avenue, au kinaagizwa Jumia, au kinatoka China kabisa. Kikifika Kilifi, bado kinangoja probox au boda ya kukileta huku. Mtoto aliyevunja panga Jumatatu anaweza kungoja wiki mbili, na katika wiki mbili moyo unapoa. Kwa hiyo kabla hujalipia helikopta, tafuta mapanga yake, mhimili wake, gia yake kubwa na mota yake ya mkia kama vinauzwa peke yake. Kama havipo, acha hiyo helikopta hata ikiwa nusu bei. Kama vipo, nunua pamoja nayo siku hiyohiyo: mapanga jozi kadhaa, mota moja ya mkia, betri nne au tano. Helikopta ya pili nilimnunulia mpwa wangu kwa hesabu hiyo, na bei ya vipuri ilikaribia bei ya chombo. Sijawahi kuijutia shilingi hata moja ya pale.

Kuna kinga nyingine isiyohitaji kuagizwa. Tuliing'oa kwenye ufagio. Chelewa mbili nyembamba, kila moja kama urefu wa dhiraa, zikafungwa kwa uzi kwa umbo la msalaba chini ya miguu ya helikopta, na kila ncha ikachomekwa kipande kidogo cha sponji cha godoro. Miguu inapokuwa mipana hivyo, chombo kikitua kimeinama hakipinduki, na mapanga hayapigi ardhi. Uzito unaongezeka kidogo na dakika za kuruka zinapungua, lakini siku ya kwanza na chelewa tulivunja panga moja tu. Kuzipata chelewa zilizo sawa kwa unene kulituchukua asubuhi nzima, mama akilalamika kuhusu ufagio wake.

Saa za kuruka ni kuanzia kumi na mbili hadi mbili asubuhi, kabla upepo haujashika. Iwe kusi au kaskazi, alfajiri ya Ganze ina kipindi ambacho hata jani la mwembe halitikisiki, na hicho ndicho darasa. Tandaza gunia chini, maana vumbi letu jekundu linaingia kwenye gia na kuisaga kama msasa. Simama nyuma ya helikopta, mkia ukielekea kwako, kwa hatua nne au tano. Wengi huogopa kuipandisha, wakaiacha ielee kwa kimo cha kifundo cha mguu. Hapo ndipo pabaya zaidi: hewa inayosukumwa chini na mapanga inagonga ardhi na kurudi kukitikisa chombo. Ipandishe mpaka usawa wa kiuno, nayo itatulia. Kisha ishikilie palepale. Usiende popote. Betri nzima ya kwanza, na ya pili, na ya kumi, iwe ni kuishikilia mahali pamoja tu. Ikishindikana na chombo kinaelekea mtini, shusha kijiti cha nguvu mpaka sifuri kabla hakijagusa kitu. Panga lililosimama likigonga mti linachubuka tu, lakini linalozunguka kwa nguvu linavunjika na kuondoka na gia.

Uso wa helikopta ukielekea kwako, kushoto kwake ni kulia kwako. Mkono unakataa kuliamini jambo hilo kwa muda mrefu. Hiyo ni kazi ya mwezi wa pili au wa tatu, baada ya mtoto kuweza kuishikilia ikiwa ubavu.

Betri zinataka heshima. Ni lithiamu polima, seli moja ya volti 3.7, inayojaa kwa volti 4.2 na kuharibika ikishuka chini ya 3. Helikopta ikianza kukataa kupanda, iteremshe, usiikamue. Kuruka mara moja ni dakika tano au sita, na kuchaji kunachukua nusu saa au zaidi, ndiyo maana nasema betri nne. Tundu la USB la mtambo wa sola wa nyumbani linatosha kuchaji, kwa hiyo kukosa waya wa Kenya Power si kizuizi. Chajia juu ya saruji au ndani ya sufuria kuukuu, mtu akiwa macho, kamwe si kitandani wala usiku kucha. Usiiache kwenye gari juani. Betri iliyovimba kama hamri imekwisha, na usiitoboe kutazama kilichomo, kwa sababu inawaka.

Halafu sheria. Kanuni za Kenya za vyombo visivyo na rubani, za mwaka 2020, ziko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Zinazungumzia kibali cha kuingiza chombo nchini, usajili, mmiliki aliyetimiza miaka 18, kutopita futi 400 na kutokiacha chombo kitoke machoni pako. Muuzaji atakwambia hiki ni cha kuchezea tu. Wewe waulize KCAA kabla ya kuagiza, na mambo yote yawe kwa jina la mzazi. Ganze ina nafasi tele, lakini si kila nafasi ni ya kurushia. Msitu wa Arabuko-Sokoke ni hifadhi, na ndege wake hawahitaji mgeni mwenye mota. Kaya Kauma, upande wa Jaribuni, ni miongoni mwa kaya za Mijikenda zilizoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, na kabla ya hapo ilikuwa takatifu kwa karne nyingi. Hakuna helikopta inayopita juu yake bila kauli ya wazee. Mbuzi wa jirani nao wana haki ya kulala bila kushtushwa.

Jumapili iliyopita nilimkuta mpwa wangu uwanjani kabla jua halijachomoza, gunia limetandazwa, betri nne zimepangwa kwenye mkebe wa maziwa. Sasa yuko gredi ya juu na sauti imeanza kuwa nzito. Aliigeuza helikopta polepole mpaka uso ukamwelekea, akaishikilia. Nikahesabu kimoyomoyo: kumi na nane, kumi na tisa, ishirini. Ikaanza kuteleza kuelekea kwenye mwembe. Akashusha kijiti, ikaanguka kwenye nyasi bila kelele.

"Shikamoo mjomba," akasema bila kugeuka, kisha akaiinua, akalizungusha panga kwa kidole kimoja na kulisogeza karibu na jicho. Lilikuwa na ufa mwembamba karibu na skrubu. Akachukua jingine mfukoni.