Tangi la maji chumvi: Tone moja la iodini linavyoweza kuzidi

Matumbawe yakianza kupauka kwenye tangi la nyumbani, wengi hukimbilia dukani kununua chupa ya madini. Wanamimina, wanasubiri rangi irudi. Siku chache baadaye kamba wamekufa.

Shida iko kwenye vipimo. Lita moja ya maji ya bahari ina kalsiamu kama miligramu 410, ambayo matumbawe hujengea mifupa yao. Iodini? Ni kama miligramu 0.06 tu. Manganizi na zinki ni kidogo zaidi ya hapo.

Piga hesabu. Tangi la lita 200, ukiondoa nafasi ya mawe na mchanga, linaweza kubaki na maji lita 160 hivi. Iodini yote iliyomo haifiki miligramu 10. Sasa ile dawa ya Lugol ambayo baadhi ya wafugaji huitumia, ikiwa ya asilimia 5, tone moja lina takribani miligramu 6. Matone matatu tu, iodini imekaribia mara tatu ya ile ya baharini.

Shaba ndiyo mbaya zaidi. Ikizidi kidogo tu inaua kamba, konokono na matumbawe. Dawa nyingi za kutibu samaki zina shaba, ndiyo maana mgonjwa hutibiwa kwenye tangi la pembeni: mawe na mchanga huinyonya, kisha huiachia majini taratibu.

Ni kweli madini hupungua. Mwani huyala, mkaa wa kuchujia na mashine ya kutoa povu huyaondoa. Ila ukibadilisha sehemu ya maji kila wiki kwa chumvi nzuri ya matumbawe, mengi yanarudi. Kwa tangi lenye matumbawe machache, mara nyingi hiyo inatosha kabisa.

Bado unataka kuongeza? Pima kwanza. Kalsiamu na magnesiamu unaweza kuzipima nyumbani, lakini kwa zinki au manganizi, sampuli ya maji hupelekwa maabara. Kisha tumia ujazo halisi wa maji, sio ule ulioandikwa kwenye tangi. Anza na nusu ya dozi, madini ya aina moja kwa wakati, halafu pima tena.

Na kabla ya yote hayo, angalia taa na joto la maji. Mwanga mkali kupita kiasi au maji yaliyopata joto pia hupausha matumbawe, na hapo hakuna chupa itakayosaidia.