Dubu alivyonifunza adabu ya kambini

Sisi tuliozaliwa Kenya twamjua dubu kwa picha za vitabuni tu. Fisi twamjua, na nyani twamjua kuliko tupendavyo, lakini dubu kwetu hakuna. Basi mwaka 1998, nilipokuwa masomoni California nikaalikwa na wenzangu kupiga kambi katika mbuga ya Yosemite, nilikwenda na ujuzi wangu wa Naivasha: funga hema, koka moto, lala.

Langoni askari wa mbuga alitueleza masharti. Kambini kuna masanduku makubwa ya chuma. Chakula chote kiingie humo na komeo lifungwe barabara. Wala si chakula peke yake. Sabuni, dawa ya meno, mafuta ya kujipaka, hata kopo tupu la maharagwe, chochote chenye harufu kiingie. Pua ya dubu haibagui kati ya mkate na sabuni.

Wenzangu walitii. Mimi nilikuwa na siri yangu. Mama alikuwa amenipelekea omena kutoka Kisumu, wamekauka vizuri, nami nikaona haya kuwachanganya na mikate ya wenyewe, nisije nikachekwa kwa ile harufu. Nikawaficha chini ya kiti cha gari. Nikajiambia: wamo ndani ya mifuko mitatu, na gari lina kufuli. Gari lenyewe, msomaji, halikuwa langu.

Usiku wa manane nilisikia mlio kama wa bati ling'olewalo na upepo. Tulipotoka na tochi, mgeni alikwisha kwenda zake. Alikuwa ameushika mlango kwa juu, penye kioo, akaukunja kuteremka chini kama mtu afunguavyo kopo la samaki. Kiti kilikuwa kimeraruliwa. Omena hakusalia hata mmoja.

Asubuhi niliungama mbele ya wote. Mwenye gari alininyamazia, na kimya chake kilinichoma kuliko matusi. Lakini askari ndiye aliyenikata maini. "Gari litatengenezwa," alisema. "Mnyama je?" Akanieleza kwamba dubu akionja chakula cha watu hasahau. Ukimhamishia mbali, mara nyingi hurudi. Akizidi ujasiri hata akawa hatari kwa watu, hupigwa risasi. Sikupata kujua mwisho wa dubu yule. Hata leo nikimkumbuka, omena hawanipiti kooni vizuri.

Wala sikuwa peke yangu katika uzembe. Mwaka ule matukio ya dubu hapo Yosemite yalizidi 1,500, na magari mengi yalivunjwa. Kosa hilo lina mizizi mirefu. Katika miaka ya 1920 na 1930, takataka zilimwagwa hapo usiku chini ya taa ili watalii wawatazame dubu wakila. Kwingineko mazoea ya namna hiyo yalileta msiba. Agosti 1967, katika mbuga ya Glacier huko Montana, wasichana wawili waliuawa usiku mmoja, kila mmoja mahali pake, na dubu wakubwa aina ya grizzly waliokwisha kuzoea mabaki ya watu.

Dubu wa Yosemite si hao wakubwa. Ni wale waitwao dubu weusi, ingawa wengi wao ni wa rangi ya kahawia. Lakini akili wanazo. Zamani wapanda milima walitundika vyakula vyao mtini kwa kamba. Dubu wakajifunza kukata kamba, na mama akampandisha mwanawe kwenye tawi jembamba lisiloweza kumbeba yeye. Siku hizi aendaye kwa miguu porini hubeba pipa dogo la plastiki ngumu, ambalo dubu hana pa kulishika wala kuling'ata. Usiku huliweka chini, mbali kidogo na hema, wala si ukingoni mwa mto au genge, lisije likasukumwa likapotea. Asiyehifadhi chakula chake aweza kutozwa hadi dola 5,000. Kwa masanduku, mapipa na sheria hizo, matukio yamepungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu mwaka ule wangu.

Nawe uendaye kupiga kambi hapa kwetu usinicheke. Nyani aliyeonjeshwa ndizi na mtalii kesho atampokonya mtoto mkate, na askari ataitwa na bunduki. Mkosaji atakuwa amekwisha kurudi mjini, yuanywa chai. Funga chakula chako, ndugu yangu. Porini wageni ni sisi, na mgeni mwema hamponzi mwenyeji wake.