Kabla Hujampa Mwanao Funguo za Gari



Kila mwaka kuna mwanafunzi wetu anayetimiza miaka 17, na swali la kwanza baada ya kukata keki huwa ni lile lile: "Mama, lini utanifundisha gari?" Mama, ambaye ameendesha barabara ya Bagamoyo au ya Thika miaka kumi na mitano bila kukwaruza hata bampa, hujibu bila kufikiri, "Jumapili, baba." Makala haya ni kwa ajili ya Jumapili hiyo. Huenda mama huyo haruhusiwi kukaa kiti cha pembeni ya mwanafunzi. Huenda hata kushika usukani mwenyewe haruhusiwi tena.

Tuanze hapo, maana ndipo familia nyingi zinaponaswa. Leseni ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo inakuruhusu kuendesha gari dogo hapa Uingereza kwa miezi 12 tu, tangu siku ulipoanza kuishi hapa. Miezi hiyo ikiisha, ruhusa imekwisha, hata kama kwenye leseni yenyewe pameandikwa kwamba bado ina miaka mitatu. Kibali cha kimataifa hakiongezi hata siku moja. Zipo nchi ambazo leseni zake hubadilishwa hapa bila mtihani, na Afrika Kusini na Zimbabwe zimo, lakini zetu za Afrika Mashariki hazimo. Kwa wenzetu waliopitia Ghuba: ya Falme za Kiarabu imo, ya Oman haimo. Ukiendelea kuendesha baada ya mwaka huo, unaendesha bila leseni, na siku ya ajali ndiyo utakayojua kwamba bima uliyokuwa ukiilipia kila mwezi huenda haikulindi.

Mimi nilikuja kutoka Tanga mwaka 2021, leseni yangu iko kwenye pochi. Nilikuwa nimeendesha tangu nikiwa na miaka ishirini na miwili, Tanga hadi Segera hadi Dar, usiku na mchana, nyuma ya malori. Miezi 12 ilipokaribia nikaomba leseni ya mwanafunzi, kisha nikabandika ile herufi L nyekundu mbele na nyuma ya gari la mume wangu, huku majirani wakinitazama. Aibu niliyoiona siku ile leo naicheka. Mtihani wa nadharia nilifaulu. Wa barabarani nikaenda kama mtu anayekwenda kuchukua kitu chake.

Dakika ya kumi hivi, nikakata kushoto kuingia mtaa mdogo. Mzee mmoja mwenye kigari cha sokoni alikuwa amesimama ukingoni anasubiri kuvuka. Kwetu, mwenda kwa miguu akiona gari linakata kona hurudi nyuma, na dereva mstaarabu humpigia honi kidogo ya asante. Mzee wa hapa hakurudi. Alitia mguu barabarani. Mtahini akakanyaga breki ya upande wake.

Makosa madogo nilikuwa nayo manne tu, na mtu anaruhusiwa hadi 15. Lakini kosa kubwa moja linatosha kukuangusha, na langu lilikuwa hilo. Nilidhani mzee ndiye aliyekosa, hadi niliposoma. Tangu tarehe 29 Januari 2022, Highway Code inasema kwamba dereva anayeingia au kutoka mtaa ampishe mwenda kwa miguu anayevuka, na pia yule anayesubiri kuvuka. Msingi wake ni kwamba anayeweza kuumiza zaidi ndiye mwenye jukumu kubwa zaidi: dereva wa lori kuliko wa gari dogo, wa gari dogo kuliko mwenye baiskeli, na mwenye baiskeli kuliko atembeaye kwa miguu. Mzee wangu alikuwa anaijua sheria. Mimi ndiye niliyekuwa bado Segera.

Ndiyo sababu nasema dereva mzoefu kutoka nyumbani ana kazi kubwa kuliko kijana asiyejua kitu. Kijana anajifunza tu. Sisi tunafuta kwanza, kisha tunajifunza. Na tusipofuta, tunamrithisha mtoto.

Chukueni indiketa. Barabara kuu zetu zina lugha yake ya indiketa, na asiyeijua anaweza kufa. Lori lililo mbele yako likiwasha ya kulia, dereva anakwambia usiovateki, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto, anakwambia pita. Hapa indiketa ya kulia maana yake ni moja: naelekea kulia. Anayeona indiketa ya kushoto na kudhani amepewa njia atagonga gari linaloingia kwake kupaki. Taa za mbele vivyo hivyo. Kwetu tunamulikiana kuambizana kuna trafiki mbele, au nenda wewe, au usije. Highway Code inatambua maana moja tu ya kumulika: nipo hapa. Madereva wengi wa London humulika kumaanisha "pita", nami nawashukuru kwa wema wao, lakini mwanafunzi asiondoke kwa sababu ya taa. Aondoke kwa sababu ameona mwenyewe kwamba njia ni nyeupe. Na honi, ambayo kwetu ni salamu, shukrani na pole kwa pamoja, hapa ni onyo tu. Kwenye makazi ya watu hairuhusiwi kabisa kuanzia saa tano na nusu usiku hadi saa moja asubuhi, isipokuwa gari jingine linakuhatarisha.

Halafu mzunguko. Watoto, waulizeni wazazi wenu mzunguko wa barabara, kama ule wa Queensbury Circle pale Honeypot Lane, unaitwaje kwao. Mtanzania atawaambia "kipilefti". Neno hilo lilitokana na kibao cha Kiingereza kilichowaamuru madereva wabaki kushoto, na watu wakakigeuza kibao kuwa jina la mahali. Mkenya huenda akasema "raundabauti". Sheria ni ile ile kwa wote: mpishe anayetoka kulia kwako. Tofauti ni kwamba kwetu, saa ya foleni, mara nyingi yuko trafiki mwenye glavu nyeupe anayeamua zamu ya nani. Hapa hakuna wa kukuamulia. Mwanafunzi anakaribia polepole, gia ya pili, anatazama kulia, na anaamua. Kwa familia zilizotoka Goma, Bukavu, Bujumbura au Muscat, ambako magari hupita upande wa kulia, hili ni gumu zaidi, kwa sababu shingo yenyewe imezoea kugeukia upande mwingine. Mazoezi yao yaanze kwa miguu, kando ya barabara, kabla ya kushika usukani.

Sasa nani anaruhusiwa kumsimamia mwanafunzi? Awe na miaka 21 au zaidi, na awe amekuwa na leseni kamili kwa miaka mitatu, leseni ya hapa Uingereza au ya Umoja wa Ulaya na majirani zake wachache. Miaka ishirini ya leseni ya Kenya haihesabiki. Mimi nilifaulu mara ya pili, mwishoni mwa mwaka 2022, kwa hiyo ilibidi nisubiri hadi miaka mitatu itimie ndipo nikae kando ya binti yangu. Kabla ya hapo alikuwa akifundishwa na mwalimu wa kulipwa na baba yake. Msimamizi naye anahesabiwa kama dereva: haruhusiwi kushika simu wala kuwa amelewa. Gari liwe na bima inayomtaja mwanafunzi. Na barabara kuu kama M1 mwanafunzi haendi na mzazi kabisa. Tangu Juni 2018 anaruhusiwa kwenda huko, lakini na mwalimu aliyeidhinishwa tu, katika gari lenye breki na klachi mbili.

Hatua zenyewe nitazipitia haraka, maana zote ziko kwenye tovuti ya serikali ya GOV.UK. Nendeni huko moja kwa moja, kwa sababu zipo tovuti zinazofanana nayo ambazo hutoza ada ya ziada kwa fomu ile ile. Leseni ya mwanafunzi huombwa kuanzia miaka 15 na miezi 9, ingawa kuendesha gari husubiri miaka 17. Mtihani wa nadharia, pauni 23, una maswali 50 na lazima upate 43. Kisha kuna filamu fupi 14 ambazo unabonyeza kila uonapo hatari inaanza kuchipuka, na lazima upate alama 44 kati ya 75. Zamani mtu aliweza kuja na mkalimani. Tangu Aprili 2014 hawaruhusiwi tena, kwa hiyo mzazi ambaye Kiingereza bado kinamsumbua na amsomee mwanawe maswali kwa sauti, na mtoto amweleze kwa Kiswahili. Nimeona hilo likifanyika hapa shuleni wakati wa chai, na sijui nani alifaidika zaidi.

Cheti cha nadharia kinadumu miaka miwili tu, na foleni ya mtihani wa barabarani London inaweza kuwa ya miezi. Hesabuni vizuri. Mtihani huo, pauni 62 siku za kazi, ni wa dakika 40 hivi. Unaanza kwa kusoma namba ya gari lililo mita 20 mbele. Ukishindwa, gari haliondoki. Kuna sehemu utakayoendesha bila kuelekezwa na mtahini, ukifuata vibao au sauti ya kifaa cha kuonyesha njia.

Je, watu huangukia wapi? Kwa miaka mingi kosa linaloongoza si kupaki wala kurudi nyuma, ambavyo vijana huviogopa sana. Ni kutotazama vya kutosha kwenye makutano. Vioo havipo mbali kwenye orodha hiyo: mtu anabadili njia bila kuvitazama. Mimi siku hizi humwambia binti yangu aseme kwa sauti kila anachokiona: "Kioo, indiketa, baiskeli kushoto, mtoto mwenye mpira, basi linataka kutoka." Anasema kwa Kiswahili, kwa amri yangu. Mwanzoni alinuna. Sasa huwahi kuona watu kabla yangu, na amejifunza neno "kivuko" bila daftari.

Msiharakishe hesabu ya saa. Idara inayosimamia mitihani husema mwanafunzi wa kawaida huhitaji saa 45 hivi na mwalimu, na saa nyingine 22 za mazoezi binafsi. Saa hizo 22 ndizo zetu sisi wazazi. Najua masomo ni ghali, na wapo wanaoweka mtihani mapema "kujaribu bahati". Lakini chini ya nusu ya mitihani hufaulu, na kila kuanguka ni ada nyingine na miezi mingine.

Jambo la mwisho ni kwa vijana, na hili sitanii. Dereva mpya akipata pointi 6 ndani ya miaka miwili ya kwanza, leseni yake inafutwa na anaanza upya, nadharia na barabarani. Kushika simu mara moja tu, hata kwenye taa nyekundu, ni pointi 6 na faini ya pauni 200. Ujumbe mmoja wa WhatsApp, leseni imekwenda. Na rafiki yako wa miaka 13 aliyekaa nyuma bila mkanda ni kosa lako wewe dereva, si lake.

Jumamosi ijayo, baada ya kipindi cha pili, tutapima mita 20 kwa kamba kwenye maegesho ya shule. Wakubwa watajipima macho kwa kusoma namba za magari. Wadogo watazisoma kwa Kiswahili, tarakimu moja moja. Wazazi wenye miwani, msiisahau nyumbani.