Je, Wajua? Mazoezi ya Kigari

Je, wajua kwamba timu ya Kenya ya mbio za nyika imekuwa ikipiga kambi katika Chuo cha Ualimu cha Kigari, Embu, chini ya Mlima Kenya? Kuanzia 1986 hadi 2003, wanaume wa Kenya walitwaa ubingwa wa dunia wa timu katika mbio ndefu za nyika mara 18 mfululizo.

Kwenye miinuko kama ya Kigari, hewa huwa na oksijeni haba. Figo hutoa homoni ya eritropoietini, nayo huamsha uboho kuzalisha seli nyekundu zaidi za kusafirisha oksijeni. Nako kukimbia kupanda vilima huimarisha mapaja na mashavu ya miguu. Ukipanda, fupisha hatua, inua magoti na utumie mikono.