Kaa wa Mito ya Mukurweini Naye Alindwe

Katika bahari inayozunguka Antaktika huishi kiumbe mdogo anayefanana na kamba aitwaye krili, mwenye urefu wa kidole cha mtu, ambaye nyangumi, pengwini, sili na samaki wengi humtegemea kwa chakula. Krili hula mimea midogo mno inayoelea majini, kisha mwenyewe huliwa, na kwa njia hiyo nguvu ya jua huwafikia wanyama wakubwa. Ndiyo maana mkataba ulioanza kutumika mwaka 1982 unataka uvuvi wake upangwe kwa kuangalia mahitaji ya wanyama wanaomla, wala si faida ya wavuvi peke yake. Upande wa kusini-magharibi wa Atlantiki, ambako meli nyingi huvua, kikomo ni tani 620,000 kwa msimu ingawa krili waliopo ni mamilioni ya tani, na mwaka 2025 kikomo kilipofikiwa uvuvi ulifungwa mapema. Mataifa yalikubali kumlinda anayewalisha wengine kabla hajaadimika. Mukurweini, huko Nyeri, iko mbali na bahari yoyote, lakini jambo hili linaihusu, kwa sababu katika mito yake yumo ndugu wa krili ambaye kazi yake ni nzito vivyo hivyo: kaa wa mtoni, ambaye wataalamu humwita Potamonautes.

Kijito kilichofunikwa na miti hupata jua kidogo, hivyo chakula chake kikuu ni majani yanayodondoka. Jani likizama hulowa, hushikwa na kuvu, hulainika. Huko Ulaya kazi ya kulirarua hufanywa zaidi na mabuu ya wadudu. Katika mito ya nyanda za juu za Kenya mabuu ya aina hiyo ni machache, na watafiti wamekuta kwamba penye msitu kaa ndiye mwenye sehemu kubwa ya uzito wa viumbe wote wasio na uti wa mgongo. Usiku hutoka chini ya jiwe, hulishika jani kwa gando, hulikata na kulipeleka mdomoni kipande kwa kipande. Makombo na kinyesi chake husombwa na maji na kuwalisha mabuu wanaoishi chini zaidi, nao huliwa na samaki, wakiwemo trauti, ambao waliletwa Mto Gura mwaka 1905. Kaa mwenyewe ni chakula cha fisi maji na cha mdiria mkubwa. Akiondoka, majani yataendelea kuoza, lakini polepole, na wengi waliokuwa wakila kupitia kwake watapungukiwa.

Tena kaa huyu si mwepesi wa kurudi. Krili hutaga mayai maelfu yanayosambaa baharini; kaa wa mtoni hutaga machache, makubwa, na jike huyabeba chini ya tumbo hadi watoto watoke wakiwa kaa kamili. Hakuna mabuu wanaoelea na kwenda kukijaza kijito kilichokufa. Na kijito kinaweza kufa kwa msimu mmoja. Kahawa inapomenywa na kuchachushwa kiwandani, maji yanayotoka hubeba sukari na ute. Yakiachiwa mtoni badala ya kwenda kwenye mashimo ya kunyonya maji, bakteria huishambulia sukari hiyo na kuimaliza oksijeni. Ongeza dawa za mashambani zinazosombwa na mvua kutoka kwenye miteremko, na kingo zilizopandwa mikaratusi, ambayo majani yake magumu yenye mafuta hayaliki kirahisi.

Wapo watakaouliza: kaa asiyeliwa na watu wala kuuzwa ana faida gani? Lakini krili naye haonekani mezani kwa watu wengi, na thamani yake imejulikana kwa wanaomla. Wengine watasema kaa hutoboa kingo. Ni kweli huchimba mashimo, ila ukingo wenye mizizi ya miti huyastahimili. Unaobomoka ni ule uliolimwa hadi majini. Pingamizi lililo zito ni la mkulima mwenye shamba dogo, anayepata nduma na nepia ya ng'ombe pale pale bondeni. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza kulima ndani ya mita 6 hadi 30 kutoka mtoni, kutegemea upana wa mto, na kwake hata mita 6 ni hasara halisi. Kwa maoni yangu asianze yeye kubeba mzigo huu. Kiwanda kimoja kinaweza kumwaga kwa siku moja uchafu ambao mashamba mengi madogo hayaufikii, na mashimo yake hugharimiwa na wanachama wote wa ushirika. Mkulima naye asaidiwe miche ya miti ya asili, aanze na sehemu zilizokwisha kubomoka.

Mavuno makuu ya kahawa Nyeri huanza Oktoba. Mwanachama wa ushirika, kabla ya hapo simama mkutanoni uulize maji ya kiwanda chenu yanaishia wapi, na uombe upelekwe ukayaone mashimo yenyewe.