Kuchagua Trekta Dogo Lenye Kijiko: Tuliyoyaona Sombetini

Wanachama wengi wametuuliza kama yafaa jumuiya yetu inunue trekta dogo lenye kijiko cha mbele, litumike kwa zamu katika mashamba. Shauri hili litaletwa mbele ya mkutano mkuu, na fedha zitakazotumika ni zenu. Kwa hivyo tumeona ni wajibu wetu kuwaeleza mapema, kwa lugha nyepesi, mambo ya kutazama kabla mtu hajainua mkono wake.

Wajumbe wetu walikwenda Arusha kuyaona matrekta hayo yakiwa kazini. Labda mtauliza: kwa nini Arusha, kwa watu wa kahawa na migomba, wasiolima karafuu? Sababu ni kuwa mji ule umezoea mashine za shamba tangu zamani. Una mashamba ya kahawa kama Burka pembeni mwake, na ngano ya Monduli si mbali. Tena ndipo kilipo Kituo cha Zana za Kilimo na Ufundi Vijijini, CAMARTEC, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1981, ambacho mojawapo ya kazi zake ni kuzijaribu zana za kilimo. Katika kata ya Sombetini tulionyeshwa kiwanja cha mtu mwenye ng'ombe na migomba, ambaye trekta lake dogo huzoa samadi, hubeba mchanga na kokoto, na husawazisha njia baada ya mvua. Tulikaa naye siku mbili tukitazama na kuuliza.

KAZI KWANZA, TREKTA BAADAYE

Neno la kwanza tulilofundishwa ni hili: mtu asinunue trekta kisha akalitafutia kazi. Aandike kazi zake kwanza. Historia ya nchi hii ina ushahidi. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matrekta yaliyobaki vitani, na mengine yaliyotengenezwa kutokana na vifaru. Udongo wa Kongwa ulipokauka ukawa mgumu kama saruji, majembe yakalika, mashine zikafa. Mapema mwaka 1951 mpango ukaachwa, na khasara ikawa kiasi cha pauni milioni 36. Mashine zilikuwa nyingi na zenye nguvu, lakini hazikuchaguliwa kwa kazi wala kwa udongo uliokuwapo.

Sisi kazi zetu ni zipi? Kubeba magunia ya karafuu na makonyo kutoka shambani hadi barabarani. Kuzoa makumbi na samadi. Kujaza mashimo ya njia. Kusafisha mitaro kabla ya masika. Kubeba udongo na miche. Kazi hizo zote trekta dogo lenye kijiko na tela laweza kuzifanya. Lakini haliwezi kuchuma karafuu, wala halifai kulima chini ya mikarafuu. Mizizi midogo ya mkarafuu i karibu na uso wa ardhi. Jembe huikata, na magurudumu yakipita hapo kila siku huushindilia udongo mpaka mti ukadhoofika. Trekta na lipite katika njia yake, na palizi ya chini ya miti ibaki kuwa ya mkono.

Tena trekta lisipite kabisa juu ya sakafu ya kuanikia. Karafuu huvuta harufu, na tone la dizeli au oili laweza kuharibu mzigo uliogharimu jasho la msimu mzima.

NGUVU NA UZITO

Wauzaji hupenda kutaja nguvu za farasi. Kwa kazi ya kijiko, uzito wa trekta na uwezo wa haidroliki yake ni mambo makubwa zaidi. Trekta dogo la nguvu za farasi 25 mara nyingi huwa na uzito ulio chini ya tani moja, na kijiko chake huinua kilo 300 au 400 hivi. Sasa fanyeni hesabu. Udongo uliolowa una uzito wa kilo 1,700 hivi kwa mita moja ya ujazo. Kijiko chenye kuchukua madebe 10 kikijazwa udongo huo hukaribia kilo 350. Yaani trekta limekwisha kufika mwisho wa uwezo wake. Makumbi makavu yakijazwa katika kijiko kile kile ni mepesi sana, na trekta halisikii mzigo.

Muulizeni muuzaji pia uzito anaoutaja umepimwa wapi. Wengi hupima kwenye pini za kijiko, lakini mzigo wenyewe hukaa mbele ya pini, na kadiri unavyokwenda mbele ndivyo uwezo unavyopungua. Na aeleze kama ni uzito wa kuinua mpaka juu, au wa kunyanyua kidogo kutoka chini.

Kuna jambo jingine ambalo mnunuzi wa pwani asilisahau. Arusha ipo kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, na hewa ni nyembamba. Injini isiyo na taba hupoteza zaidi ya sehemu moja katika kumi ya nguvu zake huko. Trekta tuliloliona likipumua kwa taabu Sombetini litakuwa na nguvu zaidi kwetu. Lakini huku kwetu kuna joto na hewa ya chumvi, basi rejeta, nyaya na bati za chini zitazamwe vizuri, na trekta lioshwe kwa maji baridi mara kwa mara.

MITEREMKO YETU

Hapa twaomba msome polepole, maana ni jambo la roho za watu. Mashamba yetu mengi yako juu ya vilima, na trekta lenye kijiko ni jepesi kupinduka.

Ekseli ya mbele ya trekta imefungwa kwa pini moja katikati, ipate kucheza juu ya ardhi mbaya. Kwa hivyo trekta, ingawa lina magurudumu manne, kwa kweli limesimama juu ya vituo vitatu: magurudumu mawili ya nyuma na pini ile ya mbele, kama kigoda cha miguu mitatu. Kijiko kikiinuliwa juu kikiwa kimejaa, uzito hupanda na kwenda mbele, magurudumu ya nyuma huwa mepesi, na shimo dogo tu latosha kulilaza trekta. Zaidi ya hayo, matrekta mengi madogo yana breki za nyuma peke yake. Magurudumu ya nyuma yakinyanyuka, breki hazina kazi.

Basi kanuni ni hizi. Mzigo ubebwe chini, usipite goti. Nyuma pawekwe uzito, kama sanduku la zege lililoning'inizwa kwenye mikono mitatu ya nyuma, au matairi ya nyuma yajazwe maji robo tatu. Kwetu hapana baridi ya kugandisha, maji ya kawaida yatosha. Magurudumu ya nyuma yatanuliwe kadiri yanavyokubali. Kilima kisikatwe kwa ubavu. Mwenye mzigo mbele apande kwa mbele na ashuke kinyumenyume, mzigo ukiwa daima upande wa juu. Na gia ya magurudumu yote manne iwe imetiwa, kwani ndiyo inayosaidia kuzuia mbele.

La mwisho katika haya ni upinde wa chuma ulio nyuma ya kiti, pamoja na mkanda. Uswidi ililazimisha kinga hiyo kwa matrekta mapya tangu mwaka 1959, na vifo vya kupinduka vikapungua sana. Kwetu matawi ya mikarafuu yananing'inia, na dereva atashawishika kuukata upinde apate kupita. Tusikubali. Inunuliwe aina yenye upinde unaokunjwa. Ukisimama, mkanda ufungwe. Ukikunjwa, mkanda ufunguliwe, na upinde uinuliwe tena mara tu matawi yakiisha.

GIA, SPEA NA FUNDI

Kazi ya kijiko ni kwenda mbele na kurudi nyuma mara mia kwa siku. Gia za kawaida hula klachi katika kazi hiyo, khasa kwa dereva mgeni. Ziko gia za haidroliki zinazoendeshwa kwa kukanyaga tu, bila ya klachi, nazo ni raha kwa kijiko. Lakini zataka oili safi na chujio la aina yake, na zikiharibika si kila fundi awezaye kuzifungua. Zipo pia gia za kawaida zenye mkono mmoja wa kubadili mbele na nyuma, na kwa mashamba yetu tumeona hizo ndizo za kati na kati.

Matrekta yaliyokwisha kutumika Japani huuzwa kwa bei nafuu, na mengi ni imara. Lakini yalitengenezwa kwa soko la kwao. Mengine hayana upinde, maandishi yake hayasomeki kwetu, na spea zake huenda zisilingane na za trekta la kampuni ile ile lililotengenezwa kwa nchi nyingine. Wazee walisema rahisi inavunja upishi. Kabla ya kulipa, mnunuzi aulize bei na mahali pa kupata vitu vitano: chujio la oili, chujio la dizeli, mpira wa haidroliki, sahani ya klachi na tairi la mbele. Mafundi wa Arusha wana maduka ya spea karibu. Sisi tuna bahari katikati, na kila kitu kitangoja chombo.

HESABU YA FEDHA

Tutoe mfano tu, si bei ya dukani. Tuseme trekta, kijiko na tela vimegharimu shilingi milioni 40 na vitadumu miaka 10. Hiyo ni milioni 4 kila mwaka. Likifanya kazi saa 100 kwa mwaka, kila saa imegharimu shilingi 40,000 kabla ya dizeli, dereva na fundi. Likifanya saa 400, kila saa ni shilingi 10,000. Mwanachama mmoja mwenye eka tatu hatazifikia saa 400. Wanachama thelathini wataweza, ikiwa zamu zimeandikwa na zinafuatwa.

Kwa mwenye shamba dogo la tambarare, pawatila na tela lake huenda zikamtosha kwa kubeba mizigo, bila ya deni kubwa.

SHAURI LETU

Kamati inashauri mambo manne. Kwanza, likinunuliwa, liwe trekta la nguvu za farasi 30 hadi 35, zito kiasi, lenye kusukuma kwa magurudumu manne, upinde unaokunjwa na uzito wa nyuma. Pili, lijaribiwe mbele yetu kwa udongo uliolowa, juu ya kilima, si juu ya lami ya dukani. Tatu, dereva awe mmoja aliyefunzwa, na msaidizi wake mmoja, kwani manahodha wawili chombo huenda mrama. Nne, kila saa ya kazi ilipiwe, na sehemu ya malipo iwekwe akiba ya spea tangu siku ya kwanza.

Mkutano ukiona saa za kazi hazitimii, basi tusinunue, tukodi panapohitajika. Mtu asione haya kulisema hilo. Kila mwanachama na aje na karatasi ya kazi za shamba lake na saa anazokisia kwa mwaka, tuzijumlishe pamoja hadharani, na jumla hiyo ndiyo itakayotuamulia.